Siku Mbili Kabla ya Zamu Yake

Watu wakisikia unafanya kazi za kompyuta kwa mikataba, wanadhani unaogelea kwenye hela. Eti mtaalamu. Mtaalamu gani, wakati kila baada ya miezi mitatu unarudi kuwa mtahiniwa? Unapigiwa simu na mtu usiyemjua, yuko Dar kwenye kiyoyozi, anakuhoji dakika ishirini, halafu anakuambia tutakujulisha. Ukipita hapo unaitwa tena, safari hii kwa video, mbele ya watu watatu wanaokubana maswali ya ufundi mpaka jasho linakutoka, na hapa Sumbawanga mwezi wa sita jasho halitoki kirahisi. Nimefanyiwa usaili wa namna hiyo mara nyingi, na mara nyingi nimeshindwa. Huu ninaousimulia nilishinda, na natamani ningeshindwa.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa dada mmoja wa Kasense, amenizidi kama miaka minne. Tulisoma chuo kimoja Mbeya kwa miaka tofauti, tukaja kukutana huku nyumbani wote hatuna ajira, tukaanza kufanya kazi pamoja: kufunga mitandao maofisini, kutengeneza kompyuta za vituo vya afya, kuwafundisha makarani programu mpya. Mimi nilimwita dada, yeye aliniita mdogo wangu, na mbele ya wateja tuliitana fundi. Kazi ya kichwa ilikuwa yake, niseme tu ukweli. Mimi nilikuwa na mdomo. Nikiingia ofisini nasalimia, natania, bosi wa ofisi anacheka, na wakati huo mwenzangu yuko chini ya meza anafuatilia waya. Tukimaliza, mkono wa asante nilipewa mimi. Yeye alikuwa anafunga begi lake, hajali, au mimi nilijiambia kwamba hajali.

Kazi yenyewe ilitoka kwa kampuni moja ya Dar iliyokuwa imepewa jukumu la kuangalia mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa kwenye vituo vya afya vya mkoa wetu. Walitaka fundi mmoja akae Sumbawanga kwa mkataba wa miaka miwili. Mmoja tu. Miaka miwili, kwa watu tuliozoea miezi mitatu mitatu! Wote tuliomba, wote tukaitwa, na hatukufichana. Dada alisema, "Akipata mmoja wetu, kazi imebaki nyumbani."

Lakini nani alikuwa anaihitaji, hilo tulilijua wote. Mama yake alikuwa ameshapoteza macho kwa presha ya macho, na nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama. Kaka yake yuko Tunduma, na mke wa kaka na mama hawapikiki chungu kimoja. Kwa sababu hiyo dada alikuwa ameshakataa kazi Dodoma, akakataa na nyingine Dar. Sasa rafiki yake mmoja wa chuo alikuwa amemshikia nafasi huko Dar na amemwambia mwisho wa mwezi ndiyo mwisho. Akiipata hii ya hapa, atakaa na mama yake. Akiikosa, atapanda basi, na mama atabaki na majirani. Mimi sikuwa na mke wala mtoto, wazazi wangu wazima, wanalima mahindi yao Matai. Ningeweza kwenda popote nisimwachie mtu shida.

Tulijiandaa kama tulivyojiandaa kwa mitihani yote tangu sekondari, yaani kwa kundi. Aliyesoma shule zetu anajua. Vitabu vichache, walimu wachache, kwa hiyo mnakaa kwenye diskasheni, mmoja ana nondo za historia, mwingine ana za baiolojia, kila mtu anamwaga alichonacho. Siku ya mtihani mnaandika jibu lile lile na mnafaulu pamoja. Hakuna anayesema fulani kaniibia. Anayebana nondo zake ndiye mbaya, huyo mnamnunia mwaka mzima. Basi tulinunua kauntabuku moja kubwa, tukaandika maswali kwa wino mwekundu na majibu kwa wino wa bluu, mwandiko wote wa dada kwa sababu wangu hausomeki. Majibu yake na majibu yangu yalikaa ukurasa mmoja. Hatukuona shida yoyote.

Kwa usaili wa simu tulifanya mazoezi nyumbani kwao Kasense, kila Jumamosi mchana. Mmoja alikaa sebuleni, mwingine alitoka nje akasimama nyuma ya ukuta wa jikoni, tukapigiana, maana kwenye simu hauoni uso wa mtu na dada alitaka tuzoee kutokuona. Nje upepo ulikuwa mkali, mikono inakufa ganzi, sikio linauma. Yeye akijifanya bosi wa kike wa Dar alikuwa anabadilisha sauti mpaka mama yake anacheka jikoni. Mimi nikicheka, ananigombeza. "Usicheke, mdogo wangu. Hawa hawachekagi." Halafu: "Unazunguka mno. Sema shida ilikuwa nini, sema ulifanya nini, sema ikawaje, nyamaza." Kunyamaza ndiko kulinishinda. Nikikaa kimya sekunde tatu naona nimeshafeli, naongeza neno, neno linaleta neno, naishia kujichanganya.

Swali moja kila mtandao ulisema lazima litakuja: tueleze tatizo gumu ulilowahi kuligundua wewe mwenyewe. Mimi nililiandalia la ofisi moja ya Matai, mtandao unakufa kila siku, kumbe waya umetafunwa na panya juu ya dari. Dada alicheka. "Panya? Haya, wape panya wako." La kwake lilikuwa la Kabwe.

Hilo la Kabwe ni hivi. Kuna kituo cha afya kule ziwani kilikuwa na seva, kompyuta ile inayotunza kumbukumbu zote za wagonjwa, na ilikuwa inajizima yenyewe mara tano, mara sita kwa siku. Mafundi wawili walishapita kabla yetu, wamebadilisha vifaa vya ndani, wameweka programu upya, wapi. Tulipofika, dada hakufungua kitu. Aliomba kiti, akakaa pembeni ya ile mashine kuanzia asubuhi na karatasi mkononi, anaandika saa kila inapojizima. Mpaka mchana alikuwa ameshajua. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta, kulikuwa na friji kuukuu la maabara, na kila likinguruma kuanza kufanya kazi, mashine inakufa. Umeme wa ukuta ule ulikuwa mdogo, friji likivuta, seva inakosa. Alivutia seva laini nyingine ya umeme, shida ikaisha. Halafu alikaa siku mbili na nesi, wakarudishia kwa mkono majina ya wagonjwa yaliyopotea, daftari baada ya daftari. Na asubuhi ile ya friji mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ufukweni napatana bei ya migebuka ya kupeleka nyumbani. Nilirudi na ndoo ya samaki, nikakuta laini ya umeme imeshavutwa.

Kwenye mazoezi nilimsikia akiisimulia hadithi hiyo labda mara thelathini. Nikiwa msaili, mimi ndiye nilikuwa namwuliza, "Ulijuaje ni friji?" na yeye anajibu, "Nilisikiliza." Nilijua anapumua wapi.

Usaili wa simu tulipita wote wawili. Tukapangiwa wa video, mimi Jumanne saa nne asubuhi, yeye Alhamisi saa ile ile. Kamera ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa, dada akaniazima yake. Tulikodi chumba kimoja mjini, juu ya duka la vipuri, chenye mtandao wa uhakika. Jumanne nilivaa shati jeupe na koti la baba, nikakaa.

Walikuwa watatu, mama mmoja katikati na wanaume wawili pembeni. Maswali ya mwanzo nilijibu vizuri. Kisha likaja lenyewe. Nikawapa Matai, nikawapa panya. Mwanaume wa kulia akatazama pembeni. Mama wa katikati akasema kwa upole, "Sawa, hiyo ni kazi ya kawaida. Tunataka kitu kilichowashinda wengine." Akanyamaza. Wote watatu wakanyamaza, na nimeshasema kimya kinanifanya nini.

Nikasema, "Kuna kituo kimoja Kabwe." Naapa nilipofungua mdomo nilidhani nitasema mimi na mwenzangu. Lakini walikuwa wameuliza wewe, na ile hadithi nilishaisikia kwa "nilifanya" na "nilisikiliza", na ndivyo ilivyotoka. Niliomba kiti. Niliandika saa. Nilisikiliza. Yule mwanaume wa kulia akageuka, akaanza kuandika. Mama akauliza, "Ulijuaje ni friji?" Nikamjibu kwa maneno ya dada, na kwa kimya cha dada baada ya maneno. Walifurahi, unaiona furaha hata kwenye kioo kidogo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi pia. Kwa dakika zile nilikuwa fundi kweli.

Nilipotoka, dada alikuwa ananisubiri chini dukani, amejifunga khanga juu ya sweta. "Wameuliza nini?" Ndivyo ilivyo kwetu, anayetangulia kutoka anamwambia anayefuata. Nikamtajia maswali yote, moja moja, hata la mwisho. Akauliza, "Kwenye lile la tatizo umewapa Matai?"

Nikasema, "Nimewapa Matai."

Haukuwa uongo. We acha tu, nimejitetea kwa hilo mara ngapi. Nilikuwa nimewapa Matai. Nilichobakiza nilikibakiza, na alikuwa na siku mbili kabla ya zamu yake, na mimi nilikuwa na siku mbili za kumwambia sentensi moja: dada, nimeitumia ya Kabwe, tafuta nyingine. Angekasirika. Angeniita mwizi labda, angenuna kutwa, halafu angekaa chini na kauntabuku akaandika nyingine. Hiyo tu. Nimefanya kazi ngumu maishani, nimepanda minara kwenye upepo wa Ufipa, lakini sentensi hiyo ilinishinda.

Jumatano tulifanya mazoezi ya mwisho. Nikakaa upande wa wasaili, nikamwuliza swali lenyewe kama mama wa Dar alivyoniuliza. Akaanza Kabwe. Alikuwa ameipanga vizuri kuliko siku zote. Nilimsikiliza mpaka mwisho nikiwa nimeinamisha macho kwenye daftari, kisha nikasema, "Kwa nini usitoe nyingine? Ile ya benki ya akiba ya walimu je?"

"Nitoe nyingine ya nini? Hii ndiyo nzuri."

"Labda wataichoka."

"Wataichokaje, hawajawahi kuisikia?"

Alinitazama. Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa, hata mtoto angepita. Nikajikaza kisabuni. Nikasema sawa, lakini punguza maelezo ya nesi, yanarefusha. Nikamrekebishia. Nilikaa kwenye kiti cha mama yake, nikamrekebishia hadithi niliyomwibia, na yeye akaandika kwa wino wa bluu. Nikajifariji njia nzima kurudi mjini kwamba huenda watabadilisha maswali. Nilijua hawatabadilisha.

Alhamisi nilikaa kwenye ngazi za lile duka la vipuri. Wangu ulichukua saa nzima na dakika kadhaa. Wake haukufika nusu saa. Niliposikia kiti kinaburutwa juu, nikasimama. Alishuka polepole, kompyuta imekumbatiwa kifuani, akapita mbele yangu akasimama barabarani upande wa jua. Nikamfuata. Nilitaka kuuliza wameuliza nini, mdomo ukakataa. Akaanza mwenyewe.

"Nilifika kwenye friji. Yule mama akasema, subiri kidogo, hii tumeshaisikia juzi. Akaniuliza, dada, hii ni yako au ya mwenzako?"

Nikampisha mtu mwenye gunia, dada akaendelea.

"Nikawaza. Nikisema yangu, watatuona wote wawili waongo, watachukua mtu mwingine kutoka Mbeya. Nikasema ni ya mwenzangu, mimi nilikuwa msaidizi tu. Wakaniuliza, haya, ya kwako ni ipi? Kichwa kikafunga. Sikukumbuka hata moja, mdogo wangu. Ninazo nyingi."

Aliposema ninazo nyingi akageuka upande mwingine. Watu walikuwa wanapita na mizigo yao ya sokoni. Nikaanza, "Dada, nilitaka..." Akanyanyua mkono.

"Jana ungeniambia tu. Nilikuuliza."

Hakunitukana. Angenitukana labda ningepumua. Alipanga kompyuta yake kwenye begi, akafunga zipu, akaniambia nisisahau kurudisha funguo za chumba, akaondoka kwa miguu kuelekea Kasense. Kauntabuku alikuwa ameiacha juu mezani. Niliirudisha nyumbani kwangu na sijaifungua tena.

Wiki iliyofuata simu ilipigwa. Alikuwa yule mama. Akanipongeza, akasema hadithi ya friji ndiyo iliyowamaliza, wanataka mtu anayekaa na tatizo. Halafu akacheka kidogo. "Kuna mwenzako wa huko alitaka kupita nayo. Lakini alikuwa mkweli, tulipombana alisema ni yako." Nilikuwa nimesimama uani, simu sikioni. Nafasi ilikuwa hiyo, ya pili na ya mwisho, na mtu mwenyewe alikuwa kwenye laini ananisikiliza. Ningesema, mama, ni yake, mpigie yeye. Nikacheka naye. Nikasema asante sana, nashukuru kwa nafasi.

Mwisho wa mwezi dada alipanda basi la Dar. Sikwenda stendi. Niliambiwa na watu kwamba amekwenda.

Kazi ninaifanya, na siifanyi vibaya. Nimejifunza kukaa na mashine na karatasi mkononi. Wakati mwingine kitu kinanishinda kabisa na najua ni nani angekijua, namba yake iko kwenye simu, na sipigi. Kwa muda mrefu na yeye hakupiga. Kisha siku moja ukaja ujumbe mfupi, bila salamu: simu ya mama haishiki chaji, majirani wameshindwa, ukipata nafasi mpitie. Nikaenda siku ile ile, Jumamosi mchana.

Mama alikuwa amekaa nje juani, anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Nikamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akanitambua kwa sauti. Akaniuliza kwa Kifipa habari za baba, za mama, za mavuno ya Matai, kila mmoja kwa zamu yake, nami nikajibu. Kisha akatoa simu kwenye fundo la khanga. Tundu la kuchajia lilikuwa limejaa unga. Nikaomba sindano, nikakaa karibu yake, nikaanza kulisafisha. Haikuwa kazi ya dakika kumi.

Akaendelea kupukuchua, mahindi yanadondoka kwenye ungo. Halafu akasema, "Nikuulize kitu. Huyu binti nikimwuliza ananiambia basi tu, mama. Wewe ulikuwepo. Alikosea wapi?"

"Hakukosea, mama."

"Hakukosea?"

"Hakukosea popote."

"Sasa kwa nini hawakumchukua?"

Sindano ilikuwa mkononi mwangu na simu magotini. Alikuwa amegeuza uso kwangu, macho hayaoni lakini ameyaelekeza pale pale nilipo, anasubiri. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikamwambia, "Walitaka mwanaume, mama."

Hakushangaa hata kidogo. Hakuuliza ni nani aliyesema, wala walisemaje. Alitikisa kichwa taratibu, mara mbili, akasema, "Nilijua tu," akarudisha mikono kwenye mahindi. Baadaye akaniambia nisiondoke na njaa, kuna ugali wa ulezi ndani na maharage, nijipakulie mwenyewe maana yeye ataunguza mkono. Nikaingia, nikajipakulia, nikatoka nikakaa karibu yake, nikala.